Selaginela za tropiki katika kitalu nyumba cha nchi za baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu mwenye kitalu nyumba kidogo cha kioo Uingereza, Uholanzi, kaskazini mwa Ujerumani, Skandinavia au kusini mwa Kanada, ambako usiku wa Januari joto hushuka chini ya sifuri, naye anataka kulea selaginela laini za misitu ya tropiki. Vipimo vyote vya joto ni vya Selsiasi. Mifano ya hesabu imechukua kitalu cha mita 2.4 kwa 1.8, kipimo kinachouzwa sana kwa bustani za nyumbani.

Selaginela ni mmea wa aina gani?

Inatambaa na kutandaza zulia la kijani, lakini si kuvumwani. Ina mishipa ya kupitisha maji, ina mizizi ya kweli, na huzaa kwa spora bila ua wala mbegu. Si kangaga pia, ingawa madukani huwekwa meza moja. Kuna spishi zaidi ya 700 duniani, nyingi zikiwa za tropiki. Ukoo wake ni wa kale mno. Jamaa zake wenye ukubwa wa miti walifukiwa kwenye vinamasi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakawa sehemu ya makaa ya mawe ya Uingereza na Ujerumani. Watunza bustani wa karne ya 19, waliopasha vitalu vyao kwa makaa hayo, walikuwa wanailea selaginela kwa moto wa jamaa zake.

Kwa mlezi, mambo mawili ya umbile lake ni muhimu. Kwanza, majani ni membamba sana na hayana akiba ya maji, kwa hiyo hewa kavu huyadhuru ndani ya saa chache hata kama udongo umelowa. Pili, kwenye panda za matawi hushuka vijiti vyembamba vyeupe ambavyo vikigusa udongo hutoa mizizi. Hapa tutaviita mizizi shikizi. Usivikate ukidhani ni ugonjwa, maana ndivyo vitakavyokupa miche.

Nianze na ipi?

Anza na Selaginella kraussiana. Asili yake ni Afrika, pamoja na misitu yenye unyevu ya milimani Tanzania na Kenya, na visiwa vya Azores. Kwa kuwa imezoea usiku wa baridi wa milimani, inakaa salama kwenye kitalu cha nyuzi 5, na huvumilia jalidi nyepesi ya usiku mmoja. Aina yake ya 'Brownii' hukaa kama kichuguu kidogo cha kijani badala ya kutambaa, na 'Aurea' ina rangi ya manjano.

Hatua ya pili ni Selaginella martensii ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambayo husimama nusu na kushuka mizizi shikizi mingi, pamoja na Selaginella uncinata ya China, ile yenye mng'ao wa buluu. Zipe nyuzi 10 usiku. S. uncinata hustahimili chini ya hapo, ila huacha kukua na majani ya chini huanza kuwa kahawia.

Zinazodai joto la kweli ni S. erythropus, yenye wekundu upande wa chini wa jani, S. vogelii ya Afrika, inayosimama kama kijiti chenye jani pana la kangaga, na S. willdenowii ya Asia ya Kusini Mashariki, inayopanda juu ya miti na kung'aa buluu. Kwa hizi usikubali usiku ushuke chini ya nyuzi 15. Ukishindwa kuhakikisha hilo mwezi Januari, usizinunue mwezi Oktoba. Bei ya vuli huwa nzuri kwa sababu muuzaji naye anajua kinachokuja.

Joto linatosha na ninamwagilia kila siku. Mbona ncha zinakauka wakati wa baridi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na karibu kila mara jibu liko kwenye hewa. Udongo hauhusiki. Watu hupambana na baridi, wakaishinda, kisha mmea ukafa kwa ukavu ulioletwa na hita yenyewe.

Hewa ya nyuzi 0 iliyojaa unyevu kabisa hubeba takriban gramu 4.8 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 16 inaweza kubeba gramu 13.6. Ukiingiza hewa ya nje kwenye kitalu na kuipasha tu, unyevu wake hushuka hadi asilimia 35 hivi. Selaginela ya msituni inataka asilimia 75 na zaidi.

Watu wengi hujibu kwa kumwaga maji sakafuni na kupulizia majani. Husaidia kwa nusu saa. Tatizo ni kioo. Usiku ambao nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri na ndani ni 16, uso wa ndani wa kioo cha tabaka moja huwa karibu nyuzi 1. Hewa inayogusa kioo hicho haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 5.2 za maji. Kilichozidi kinageuka matone na kutiririka chini. Gramu 5.2 kwa 13.6 ni asilimia 38. Kwa hiyo kioo baridi kinakausha kitalu usiku kucha, na kadiri unavyoongeza maji ndivyo kinavyoyavuta. Ukiona kioo kinatiririka maji asubuhi usifurahi ukadhani hewa ina unyevu wa kutosha. Hayo ni maji yaliyotoka kwenye hewa, na mengine kwenye majani ya mmea wako.

Kuna tiba mbili, na zinaenda pamoja. Ya kwanza ni kuhakikisha uso unaoizunguka mimea hauwi baridi sana. Ya pili ni kupasha nafasi ndogo badala ya kitalu kizima. Zote mbili hupatikana kwa kuweka sanduku ndani ya kitalu.

Sanduku hilo linajengwaje?

Wazo si geni. Daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London alianza majaribio ya mimea ndani ya vioo vilivyofungwa mwaka 1829, na masanduku yake yakawa njia ya kusafirisha mimea baharini na kulea kangaga sebuleni, kwenye mji uliojaa moshi. Lako litakuwa na waya wa umeme chini yake.

Kipimo kinachofaa ni urefu wa mita 1.2, kina sentimita 60 na kimo sentimita 60. Tumia mabamba ya polikaboneti (plastiki ngumu angavu) yenye tabaka mbili, unene wa milimita 10, kwenye fremu ya alumini. Mbao hufaa kama zimepakwa dawa ya kuzuia kuoza na zimekauka vizuri. Chini weka ubao wa povu wa milimita 50, juu yake trei ngumu ya plastiki yenye kingo za sentimita 12 na matundu machache ya kutolea maji. Mwaga mchanga mkali sentimita 5, tandaza waya wa kupasha udongo kwa mikunjo isiyogusana, kisha funika kwa mchanga mwingine sentimita 5. Waya ukijigusa au ukipishana wenyewe huungua mahali hapo.

Kuhusu nguvu ya waya, hesabu ni hii. Sanduku lina mita za mraba 3.6 za uso. Polikaboneti ya namna hiyo hupoteza takriban wati 3 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kitalu kikiwa nyuzi 5 na sanduku nyuzi 16, tofauti ni 11, kwa hiyo unahitaji wati 120 hivi. Weka waya wa wati 150 ili thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima waya kulingana na joto) isifanye kazi bila kupumzika. Kupasha kitalu chote hadi nyuzi 16 usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri kungetaka kama wati 2,500, kwa kuwa kioo hupoteza wati 6 hivi na uso wa kitalu unakaribia mita za mraba 20. Ukiacha kitalu kwenye nyuzi 5 utatumia wati 1,200, ukijumlisha sanduku hufiki hata 1,350.

Na unyevu je? Uso wa ndani wa polikaboneti katika hali hiyo huwa karibu nyuzi 12, wala haushuki hadi 1. Hewa inaweza kubaki na gramu 10.7, sawa na asilimia 78. Mchanga ukiwa na majimaji, sanduku hufika hapo lenyewe bila mashine ya ukungu. Mchanga mkavu haupitishi joto vizuri, kwa hiyo kuumwagilia kunasaidia mara mbili.

Mfuniko uinamie nyuma, upande mmoja uwe juu kwa sentimita 5. Matone yatateleza hadi ukutani badala ya kudondoka kwenye majani. Tone baridi linalodondoka mahali pamoja usiku kucha huacha doa jeusi lenye majimaji, na doa hilo ndilo mlango wa ukungu.

Kitambuzi cha thamostati kikae usawa wa majani, kivulini. Usikizike mchangani. Umeme wote upite kwenye swichi ya usalama ya miliampia 30 (inayokata umeme ukivuja), na viungio vya nyaya viwe nje ya sanduku, juu ya usawa wa maji. Kama hujui kazi ya umeme, hapa ndipo pa kumlipa fundi.

Nitajuaje kama kipima unyevu changu kinasema kweli?

Vya bei nafuu hukosea kwa asilimia 10 bila aibu. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya mezani, tia matone ya maji hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote. Weka kifuniko hicho na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uufunge, uuache saa 12 mahali pasipobadilika joto. Ndani ya mfuko unyevu huwa asilimia 75. Kipima kikisoma 68, ongeza 7 kila unapokisoma.

Naweza kutumia hita ya mafuta ya taa?

Kwa kitalu chenye S. kraussiana pekee, kwa dharura, ndiyo. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kama mvuke, jambo linaloonekana zuri. Lakini bila dohani moshi wake unabaki ndani, na utambi ukiwa mchafu hutoa gesi zinazopukutisha na kupindisha machipukizi laini. Hita pia inahitaji hewa, kwa hiyo lazima uache upenyo, na baridi inaingia humo humo. Usiiweke karibu na sanduku la spishi laini.

Udongo uchanganyweje?

Tunatumia sehemu 3 za unga wa makumbi ya nazi, sehemu 2 za magome ya msonobari ya milimita 5 hadi 10, sehemu 1 ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano), na konzi moja ya mkaa wa kuni uliopondwa kwa kila lita 5. Makumbi ya nazi hubeba chumvi. Yaloweke kwa maji ya mvua, yakamue, rudia mara mbili kabla ya kuchanganya. Piti, yaani mabaki ya mimea yaliyochimbwa vinamasini, hufanya kazi vizuri pia, ila bustani nyingi Uingereza zinaiacha kwa sababu uchimbaji wake unaharibu vinamasi.

Uchachu uwe kati ya pH 5.5 na 6.5. Usiweke chokaa. Chungu kiwe kifupi, kina cha sentimita 8 hadi 10 kinatosha, maana mizizi haiendi mbali na udongo wa chini usio na mizizi hubaki umelowa na kuoza. Usiushindilie udongo. Uguse tu kwa vidole ukae.

Badilisha chungu mwezi Machi au Aprili, mmea ukianza kutoa ncha mpya. Ukiuhamisha Novemba mizizi iliyokatika haiponi, na unakaa na chungu kilicholowa miezi mitatu.

Maji gani, na kwa kiasi gani?

Maji ya mvua. Maji ya bomba ya London na miji mingi ya kusini mashariki mwa Uingereza ni magumu sana. Yakikauka kwenye jani huacha utando mweupe usiofutika bila kulichubua jani, na baada ya miezi udongo unapoteza uchachu wake. Paa la kitalu cha mfano wetu lina eneo la mita za mraba 4.3. Kwa mvua ya London ya milimita 600 hivi kwa mwaka, hata ukipoteza robo, utakusanya karibu lita 2,000. Pipa la lita 200 lenye mfuniko linatosha kuvuka wiki kavu nyingi.

Usimwagilie maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye pipa lenye baridi. Jaza ndoo jioni, iache ndani karibu na sanduku, tumia asubuhi. Wakati wa baridi mwagilia kutoka chini: simamisha chungu kwenye maji ya sentimita 1 kwa dakika 15, kisha kitoe kichuruzike. Ukigusa udongo uso uwe na ubaridi wa majimaji bila maji kung'aa. Wakati wa kiangazi huenda ukamwagilia kila siku. Januari ndani ya sanduku mara moja kwa wiki huwa nyingi.

Nipulizie majani?

Ndani ya sanduku hakuna haja. Nje ya sanduku, pulizia asubuhi tu, tena siku ambayo hewa inatembea. Majani yanayolala yamelowa kwenye nyuzi 8 ndiyo chakula cha ukungu wa kijivu.

Mwanga kiasi gani? Na kwa nini buluu imepotea?

Kivuli cha msitu, lakini si giza. Kiangazi lenga laksi (kipimo cha mwanga) 3,000 hadi 8,000 usawa wa majani. Programu ya simu ya kupima mwanga inatosha kwa makadirio. Kuanzia Aprili hadi Septemba funika kioo kwa nje na wavu wa kivuli wa asilimia 70. Wavu wa ndani huzuia mwanga ila joto limeshaingia.

Oktoba toa wavu na uoshe vioo. Desemba siku ya London ina karibu saa 8 tu za mwanga, nao ni hafifu. Bila taa, matawi hurefuka, hupauka na kulala. Weka taa nyembamba za LED nyeupe juu ya sanduku, sentimita 30 kutoka kwenye majani, saa 10 hadi 12 kwa siku.

Buluu ya S. uncinata na S. willdenowii haitoki kwenye rangi iliyomo ndani ya jani. Inatokana na tabaka jembamba juu ya jani linalorudisha mwanga wa buluu. Lowesha jani utaona buluu inazimika palepale na kubaki kijani. Likikauka inarudi. Kwa hiyo kama umepulizia maji, subiri kabla ya kulalamika. Kama jani ni kavu na bado ni kijani tupu, mwanga ni mkali mno. Sogeza mmea kivulini na uangalie machipukizi mapya, kwa kuwa majani ya zamani yaliyokulia juani hayabadiliki sana.

Mbolea?

Kidogo. Mbolea ya maji yenye uwiano sawa wa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, mfano 20-20-20, gramu 0.25 kwa lita, mara moja kila wiki tatu au nne kuanzia Aprili hadi Septemba. Udongo uwe umelowa kabla. Mara moja kati ya mbolea na mbolea, suuza chungu kwa maji mengi ya mvua. Ncha za kahawia zenye mpaka mkali, mwezi Julai, kwenye unyevu mzuri, mara nyingi ni chumvi ya mbolea.

Kiangazi si ndio wakati rahisi?

Hapana. Kitalu kilichofungwa siku ya jua mwezi Juni hufika nyuzi 40 hata Scotland, na sanduku ndani yake hufika mapema zaidi. Selaginela huanza kuteseka ikipita 28, na saa mbili za nyuzi 38 zinaweza kufanya ambacho baridi haikufanya miezi minne. Kuanzia Mei inua mfuniko wa sanduku kwa kijiti cha sentimita 5, au uutoe kabisa. Fungua matundu ya paa, lowesha sakafu asubuhi na saa sita mchana. Kifungua dirisha kinachotumia nta inayotanuka kwa joto hakihitaji umeme, na ni kifaa ambacho tungekinunua kabla ya hita.

Nizidisheje miche?

Spishi zinazotambaa ni kazi nyepesi. Kata kipande cha sentimita 5 hadi 8 chenye angalau panda moja, kilaze juu ya udongo uleule uliolowa, ukibane kwa waya uliokunjwa kama pini ya nywele ili panda iguse udongo. Usikizike. Funika kwa mfuniko wa plastiki angavu, nyuzi 20 hadi 22, kivulini. Kwa S. kraussiana na S. uncinata mizizi shikizi huingia udongoni ndani ya wiki mbili hadi nne. S. martensii mara nyingi ina mizizi inayoning'inia tayari, hiyo chagua kwanza. Pandikiza vipande vitano hadi saba kwenye chungu kimoja cha sentimita 12. Kipande kimoja hukaa peke yake mwaka mzima kikionekana kama kimesahauliwa.

Zinazosimama, S. erythropus na S. vogelii, ni za polepole. Usikate kwanza. Inamisha tawi la chini likiwa bado kwenye mmea, libane kwenye chungu cha pembeni, lisubiri litoe mizizi na chipukizi, ndipo ulitenge. Aprili hadi Juni ndio wakati wake.

Na spora?

Inawezekana, ila ni kazi ya mwenye subira. Selaginela ina spora za aina mbili, kubwa za kike na ndogo za kiume, zote kwenye vishada vidogo vya pembe nne vilivyo kwenye ncha za matawi. Ukikusanya vumbi la machungwa pekee umekusanya za kiume tu, na hakitaota kitu. Njia ya nyumbani ni kulaza matawi mazima yenye vishada vilivyokomaa juu ya udongo uliochemshwa kwa mvuke na kupoa, ndani ya chombo angavu kilichofungwa, nyuzi 20 hadi 24, bila kukifungua kwa miezi kadhaa. Spora zote mbili huangukia mahali pamoja na unyevu hufanya mengine.

Ni wadudu na magonjwa gani nitakutana nayo?

Ukungu wa kijivu unaongoza. Huanza kwenye majani yaliyokufa katikati ya kichaka, mahali usipopaona, kisha Februari unanyanyua tawi unakuta chini yote ni utelezi. Kila mwezi wa baridi fungua kichaka kwa vidole, ondoa kilichokufa kwa kibano, kata mpaka kwenye tishu ngumu. Feni ya kompyuta ya volti 12, sentimita 8, ikielekezwa ukutani ili isipulize mimea moja kwa moja, inatosha kutembeza hewa ya sanduku. Inua mfuniko sentimita 1 saa sita mchana siku za jua.

Usubi wanaorukaruka ukigusa chungu ni dalili kwamba uso wa udongo umelowa kupita kiasi. Wakubwa ni kero tu, ila mabuu yao hula mizizi michanga ya vipandikizi. Karatasi za manjano zenye gundi hunasa wakubwa. Kwa mabuu tumia minyoo hai ya Steinernema feltiae, udongo ukiwa juu ya nyuzi 10, au bakteria Bacillus thuringiensis israelensis kwenye maji ya kumwagilia.

Koa hula usiku na kuacha matawi yamekatwa kama kwa mkasi. Hujificha chini ya trei na kwenye matundu ya vyungu. Kagua kwa tochi baada ya saa nne usiku, utawapata wengi kuliko ulivyotarajia.

Ukichomoa mmea ukaona unga mweupe kwenye ukuta wa ndani wa chungu, hao ni vidung'ata wa mizizi, wadudu wadogo wafyonzao utomvu. Usihangaike kuusafisha. Chukua vipandikizi vya juu visivyo na udongo, tupa vingine vyote, osha chungu kwa maji ya moto. Sabuni na mafuta ya kuulia wadudu hubabua majani haya membamba. Ukilazimika, jaribu kwenye tawi moja na usubiri wiki.

Ile selaginela inayouzwa kama mpira mkavu na kufunguka ukiitia maji, nayo ikae humo?

Hiyo ni Selaginella lepidophylla ya jangwa la Chihuahua, Meksiko na kusini mwa Marekani. Hustahimili kukauka kabisa. Ndani ya sanduku lenye unyevu wa asilimia 78 itaoza. Nyingi zinazouzwa zimekwisha kufa na hufunguka tu kwa sababu seli zao hunywa maji. Kijani kikirudi baada ya siku chache, iko hai.

Nikienda nyumbani Tanzania au Kenya naweza kurudi na kipande?

Si kwa kukichomeka kwenye begi. Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa mmea wowote wa kupanda tangu Desemba 2019, Uingereza nayo ina masharti ya namna hiyo. Cheti hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi unakotoka, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Kuchukua mmea kwenye hifadhi kama Amani, Usambara Mashariki, kunahitaji kibali kingine tofauti. S. kraussiana inayouzwa Ulaya kwenye chungu kidogo ni spishi ileile inayotambaa kwenye misitu yetu ya milimani, tena imeshazoea kioo.

Naweza kuiacha S. kraussiana itambae chini ya meza za kitalu?

Ndiyo, na baadhi ya vitalu vikongwe vya bustani za mimea vina zulia hilo. Huweka sakafu na unyevu na kuzuia magugu mengine. Isitoke tu nje. New Zealand, ambako baridi si kali, imeingia misituni na kufunika miche ya asili, na ni marufuku kuiuza au kuieneza. Cornwall, magharibi mwa Ireland na pwani nyingine zisizo na jalidi kali, usitupe mabaki yake kwenye mboji ya wazi.

Mmea umenyauka na kujikunja wote. Kuna tiba?

Spishi za msituni zikijikunja na kuwa kavu kama karatasi, majani hayo hayarudi. Kata hadi sentimita 2 juu ya udongo, weka chungu ndani ya sanduku, udongo uwe na majimaji tu. S. kraussiana huchipua mara nyingi ndani ya mwezi. S. willdenowii na S. erythropus, kama shina ni la kijani ukilikwaruza kwa kucha, ngojea wiki nane. Likiwa la kahawia hadi ndani, tumia chungu kwa kitu kingine.

Umeme ukikatika usiku wa jalidi?

Usifungue mfuniko kutazama. Funika sanduku lote kwa blanketi mbili na juu yake plastiki ya viputo. Jaza chupa nne za lita 2 maji ya nyuzi 50, si yanayochemka maana plastiki italegea, uziingize haraka kwenye pembe za sanduku bila kugusa majani. Hizo zitashikilia joto kwa saa mbili hadi tatu, kisha uzijaze tena. Ving'amuzi vya joto vyenye betri vinavyopiga kelele likishuka chini ya kiwango ulichoweka ni vya bei ndogo. Weka kimoja ndani ya sanduku na kipokezi chumbani unapolala, kiwekee nyuzi 12. Umeme ukirudi acha thamostati ipandishe joto polepole yenyewe, usiongeze hita. Kilichoungua kwa baridi hakionekani siku hiyo. Huwa cheusi baada ya siku tatu hadi saba, na hapo ndipo pa kukata.